Sikio la Koplo

Nilipokuwa mtoto, kidonda kisichozidi ukucha wa kidole gumba kilinizuia kwenda Kakuma. Hakikuwa kidonda changu. Kilikuwa kwenye sikio la kushoto la mbwa wetu, karibu na ncha, na mpaka leo nikiona mbwa akitikisa kichwa barabarani, hasira hunipanda kabla sijakumbuka inatoka wapi.

Wakati huo niliishi Lodwar na Ata. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiturkana, na huyu alikuwa mama wa mama yangu. Alisuka vikapu kwa majani ya mkoma, akikaa kutwa nzima kwenye kivuli cha ukuta, miguu ameinyoosha mbele, na vidole vyake havikujua kutulia hata akiwa katikati ya maneno. Mama alikuwa Kakuma. Alikwenda huko nikiwa darasa la pili, kupika katika hoteli ndogo karibu na mahali yanaposimama mabasi ya Lokichoggio. Alipiga simu kila Jumapili. Alituma nguo, unga na sukari kwa mkono wa Mjomba Ekai, mdogo wake, aliyekuwa na pikapu ya kubebea samaki waliokaushwa. Lakini kuja mwenyewe, alikuja mara mbili tu katika miaka minne.

Nilipomaliza darasa la tano, Mama alinipatia nafasi katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Kakuma. Vitanda vilikuwa vichache na majina yalikuwa mengi. Mwalimu mkuu alimwambia kitanda changu kingenisubiri hadi Ijumaa ya wiki ya kwanza. Ikifika jioni sijaonekana, angepewa mtoto aliyefuata kwenye orodha. Kwangu mimi haikuwa habari ya shule peke yake. Shule ilikuwa mwendo mfupi kutoka chumba alichopanga Mama, na wasichana wenye wazazi karibu waliruhusiwa kwenda kwao Jumapili. Likizo nzima nililala na kuamka na neno hilo, Jumapili. Sikuwahi kumwambia Ata kwamba ndilo nililokuwa nikiliwaza. Sikuona haja. Nilidhani watu wazima hawajali mambo kama hayo.

Mjomba alipanga kunichukua Jumanne. Asubuhi hiyo nilivaa shati jeupe na soksi nyeupe zilizonunuliwa kwa ajili ya shule, ingawa Ata alinikumbusha kwamba barabara ya Kakuma ni vumbi tupu. Sanduku langu la bati lilikuwa limeshapandishwa nyuma ya pikapu, katikati ya magunia ya samaki. Na ni samaki hao waliotuharibia. Koplo alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, tuliyempa jina hilo kwa sababu ya kutembea kifua mbele kama mtu aliyepandishwa cheo jana. Siku hiyo alikuwa kwa jirani. Harufu ilipomfikia alikuja mbio, na badala ya kuzunguka akajipenyeza chini ya seng'enge. Tulimsikia akilia mara moja tu. Kisha akatokea, mkia unapiga huku na huku, sikio limepasuka na kulowa damu, na yeye mwenyewe hana habari.

Nikainama kumuaga. Akatikisa kichwa.

Kama hujawahi kumfuga mbwa huenda hujui jambo hili: sikio lake lina damu nyingi kuliko ukubwa wake, na akilitikisa, damu haidondoki, inaruka. Ilinirukia shati, ikanirukia soksi, tone moja likatua kidevuni. Mjomba akacheka. Mimi pia nikaanza kucheka. Tulinyamaza tulipomwona Ata ameweka kikapu chini, maana Ata hakuwahi kuweka kikapu chini kabla hajamaliza mzunguko.

Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini aliyasema kwa Kiturkana, polepole, bila kupandisha sauti. "Damu ya mbwa ikimrukia mtu aliyekwisha kufunga mzigo, barabara imemkataa. Hatoki hapa mpaka kidonda kikauke."

Nilikuwa nimelelewa na maonyo ya kila aina. Nilijua habari za ndege ambaye akilia upande fulani wa njia unarudi nyumbani. Nilimjua mzee wa mtaa wa pili aliyerusha ndara zake hewani na kusoma zilivyoanguka, na niliwajua watu wazima, wenye kazi za serikali, waliomwendea kimyakimya kabla ya safari. Hili la damu ya mbwa nililisikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Nilimtazama Mjomba nikingoja aseme ni upuuzi. Alimwambia mama yake kwamba ni tone tu, kwamba mtoto anasubiriwa, kwamba Mungu yupo barabarani kama alivyo nyumbani. Ata alimsikiliza mpaka mwisho, akarudia neno lilelile kwa sauti ileile. Mjomba akapanda nyuma ya pikapu, akalishusha sanduku langu, akaliweka mlangoni kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Kilichonipa moyo ni kwamba mlango haukufungwa kabisa. Mjomba alikuwa na safari mbili kwa wiki. Angerudi Lodwar Alhamisi, aondoke tena Ijumaa asubuhi, na kabla ya adhuhuri angekuwa Kakuma. Alimuuliza Ata mbele yangu: sikio likikauka kufikia Ijumaa, je? Ata akasema likikauka nitakwenda. Nililishika jibu hilo kwa mikono miwili. Siku tatu kwa mpasuko mdogo kama ule niliona ni nyingi mno.

Siku ya kwanza nilifanya nilichojua. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe, nikamwosha. Nikachukua kitambaa safi nikabana sikio kati ya viganja vyangu, nikakaa hivyo kwenye kivuli mpaka miguu ikafa ganzi. Koplo alinivumilia. Alinitazama kwa macho ya upole kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilipoachia, damu ilikuwa imekoma. Nikapumua. Nzi mmoja akatua kwenye ncha ya sikio, na Koplo akatikisa kichwa, na yote niliyoyafanya yakaruka ukutani.

Nikaanza upya. Nikabana, nikangoja, nikaachia. Akatikisa. Nikampaka utomvu wa mshubiri. Akatikisa kwa sababu ya ubaridi wake. Jirani alipita akashauri oili chafu ya gari, ambayo kwetu hupakwa kila kitu chenye kidonda, kuanzia mbuzi hadi punda. Sikutaka, kwa sababu nilikuwa nimeona mbuzi aliyepakwa oili hiyo na jinsi ngozi yake ilivyobabuka. Jioni ukuta wetu ulikuwa na madoa kuanzia chini hadi usawa wa kifua changu, shati langu la shule lilikuwa limelowekwa kwenye beseni, na kidonda kilikuwa vilevile, chekundu, kidogo, cha kipuuzi. Kingekuwa kidonda kikubwa ningelia. Udogo wake ndio ulionitia wazimu.

Mama alipiga simu. Alizungumza na Ata kwa muda mrefu, nami nilisikia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa "ee" na "la". Niliamini kwamba Mama, aliyepikia watu wa kila nchi kila siku, aliyejua Kiarabu cha Juba na salamu za Kisomali, angelimaliza jambo hilo kwa neno moja. Ata akanipa simu. Mama akaniambia, "Kausha hilo sikio, Akiru. Usibishane naye." Basi. Hata yeye. Nilijihisi niko peke yangu upande mmoja na dunia yote ya watu wazima iko upande wa pili, na katikati yetu amelala mbwa.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye subira. Aliniuliza kama mpasuko umefika kwenye mfupa wa sikio, nikamwambia sijui kama sikio lina mfupa. Aliuliza mbwa ana uzito gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akaniambia nisipake oili hata nikishauriwa na nani, akanipa chupa ya dawa ya zambarau ya kupuliza, iliyobaki nusu, akasema niitumie na kumrudishia. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Hakunitahadharisha kuhusu ile sauti. Nilipobonyeza, chupa ililia kama nyoka, na Koplo, ambaye hakuogopa fisi wala pikipiki, aliruka akaniangusha. Nilimfuata uani. Nilipuliza, akatikisa, nikapuliza tena, akatikisa tena. Dawa ilifika ukutani, kwenye sufuria, kwenye nywele zangu, na kiasi fulani, nakiri, kwenye sikio. Ata alikuwa akisuka muda wote huo. Hakucheka, na mimi nilichukua kutocheka kwake kama ishara kwamba ananihurumia.

Nilipoirudisha chupa, uso wangu ukiwa wa zambarau, mwanamke aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka aliniita. Alikuwa Mkongomani, watu walimwita Mama Riziki, na alishona sare za shule za nusu ya mtaa wetu. Aliniuliza nani kanipaka rangi. Nikamweleza yote, na katikati ya maelezo machozi yakanitoka, kitu ambacho sikukitaka.

Alinyoosha uzi, akaukata kwa meno. "Dawa si mubaya," akasema. "Ni ile kutikisika. Sikio ikitikisika, kidonda inafunguka kila saa. Unapashwa kuifunga ku kichwa, isipate njia ya kucheza."

Akafukua ndani ya gunia lake la vitambaa akatoa mkono wa sweta ya zamani. Akanionyesha juu ya goti lake: sikio linakunjwa kuelekea utosini, linawekewa kitambaa safi juu, halafu mkono wa sweta unavishwa kichwani kama kofia, na tundu linatobolewa ili sikio la pili litokeze na kuuzuia usiteleze. Shingoni vidole viwili vipite, nisije nikamnyonga. Alitoboa tundu hilo kwa mkasi wake, akanipa. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha. Alinipa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyenipa wiki ile, nacho ni njia ya kufanya.

Ikafanya kazi. Koplo alipovishwa alionekana kama bibi anayekwenda kanisani. Alikaa palepale nilipomwacha, amekasirika, hatikisi chochote, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutikisa. Nililala karibu naye, na Alhamisi asubuhi nilipofungua kuchungulia, sikuamini macho yangu. Kigaga kilikuwa kimeshika, cheusi, kikavu, kama kipande cha ukwaju. Nilimwita Ata. Akaja, akainama, akakitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Bado kichanga," akasema.

Nikasema kesho kitakuwa kimekomaa. Nikamfunga Koplo tena, nikafua soksi zangu, nikazianika juu ya sanduku la bati.

Kabla ya adhuhuri nilikwenda bombani kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, mkono wa sweta ulikuwa chini, Koplo alikuwa amelala ubavu karibu na mlango, na kigaga kilikuwa kimebanduka. Damu ilikuwa mbichi. Nilimgombeza mbwa yule kwa maneno ambayo sitayaandika. Nikamwosha, nikabana, nikamfunga upya, mara hii kwa kamba ya kitambaa chini ya taya, mafundo mawili. Nilifikiri amejivua mwenyewe kwa kujisugua ukutani. Ningefikiri nini kingine?

Alasiri damu ilikuwa imekoma tena na nikapata tumaini jembamba. Ata akanituma dukani kununua majani ya chai. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, na kwa kuwa jua lilikuwa kali sikwenda la mbali; nikarudi mikono mitupu, mapema kuliko nilivyotarajiwa. Nilipopita kona ya nyumba niliwaona. Ata alikuwa amekaa mahali pake kivulini. Koplo alikuwa ameweka kidevu juu ya paja lake. Na vidole vya Ata, vile vidole visivyojua kutulia, vilikuwa vinafungua mafundo yangu moja baada ya jingine, bila haraka, kwa ustadi uleule wa kufumua safu ya kikapu iliyokosewa. Akauvuta mkono wa sweta, akaukunja vizuri, akauweka pembeni. Kisha akangoja. Hakukigusa kidonda, na hilo nalisema kwa haki yake. Alingoja tu. Na Koplo, alipohisi hewa sikioni, akainuka akatikisa kichwa.

Ata aliponiona hakushtuka.

"Anaona joto," akasema.

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyesema sikio likauke. Nikamwambia kwamba nimefanya kila kitu alichotaka. Yeye aliendelea kumpapasa Koplo mgongoni, na damu ikamrukia kwenye shuka na hakuipangusa. Kisha akasema jambo ambalo halikuhusu mbwa wala barabara.

"Mama yako alisema anakwenda mwezi mmoja."

Leo naijua sentensi ile ilivyokuwa nzito. Nimeigeuza kila upande. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili aliyesimama pale na soksi zake zinazokauka hakuisikia hivyo. Nilisikia mtu aliyekamatwa akibadilisha mazungumzo. Nikamwambia, "Wewe ni mwongo, Ata." Kwetu mtoto hasemi hivyo kwa nyanya. Hata kwa mtoto mwenzake akisema atachapwa. Nilisubiri mkono wake unipate, na nadhani ningefarijika. Aliokota mkono wa sweta akaninyooshea.

"Mfunge tena, basi," akasema.

Nikamfunga. Sikutoka tena uani siku hiyo. Mjomba aliporudi jioni nilimsimulia yote, kando ya pikapu, kwa sauti ya chini. Alisikiliza akiwa ameegemea tairi. Nilitaka akasirike. Alikuna kichwa chake, akatazama upande aliokaa mama yake, akasema, "Nimekuelewa. Lakini huyo ni mama yangu, Akiru. Nikimpita leo, nitarudije hapa Jumanne?" Kisha akaahidi kwamba kama asubuhi sikio ni kavu, atanipakia hata Ata akisema nini. Tulikubaliana hivyo kama wafanyabiashara wawili.

Ijumaa asubuhi niliamka kabla ya jogoo. Nilimfungua Koplo kidogo, nikaona utando mwembamba umeanza kushika, laini bado, lakini haukutoa damu. Nikamfunga. Nikavaa shati lililobaki na rangi ya waridi kifuani, maana damu haikutoka yote. Ata alikuwa ameamka. Alinitengenezea chai, akaiweka karibu nami, akarudi kwenye kikapu chake. Hakumkaribia mbwa. Nilimlinda kwa macho muda wote, na naweza kuapa kwamba hakumkaribia.

Pikapu ilipoingia, Koplo alisikia mlio wa injini, akanusa samaki, akaenda mbio. Nilimshika mkia ukaniponyoka. Alijirusha kwenye gurudumu, akajisugua kwa furaha, kofia yake ikamteleza hadi shingoni, na palepale, mbele ya Mjomba, mbele ya Ata, akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Mjomba alijitazama suruali. Kulikuwa na matone matatu.

Mjomba alinishika bega, akaniambia nisilie, nami sikuwa ninalia. Akaingia kwenye pikapu akaondoka. Nilikaa juu ya sanduku langu mpaka jua likafika miguuni, na chai ikapoa na kuingia nzi.

Jioni ile mtoto mwingine alipewa kitanda. Mama aliniambia kwa simu kwa maneno machache, akasema tutajaribu mwaka ujao, na nyuma yake nilisikia sufuria za hotelini zikigongana. Jumatatu iliyofuata nilirudi shule yangu ya zamani ya Lodwar, kwenye dawati langu la zamani, na mwalimu akaniuliza mbona nilikuwa nimeaga. Na sikio la Koplo? Niliacha kulishughulikia. Halikuoshwa, halikufungwa, halikupulizwa. Kabla ya wiki mbili lilikuwa limepona, likabaki na pengo dogo ambalo mgeni asingeliona.

Nakiri jambo jingine la aibu. Ijumaa ile yote nilingoja habari mbaya. Nilitaka pikapu iharibike, tairi lipasuke, kitu chochote kitokee ili niweze kusema Ata aliona mbali, ili hasara yangu iwe na sababu. Nadhani Ata naye alingoja. Mjomba alifika Kakuma salama, akauza samaki wote, akarudi Jumapili na kilo mbili za sukari. Mwezi wa nne, mvua iliponyesha huko juu na laga ya Tarach, mto wa msimu unaokatiza barabara, ikafurika, alikwama ng'ambo siku moja na samaki wakaoza, na Ata akasema, "Mnaona?" Nilitaka kupiga kelele. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Kwa kipimo hicho hakuna onyo duniani lisilotimia. Subiri tu vya kutosha, na barabara ya Kakuma haitakuangusha.

Mwaka ule niliishi na Ata kama mpangaji. Sikumkosea adabu tena, na hilo ndilo lililokuwa ukatili wangu. Nilimjibu alichouliza na si zaidi. Niliteka maji, nilipika, nilifagia, nikanyamaza. Mchana wa joto, tulipolala kivulini, alianza kunisimulia mambo ambayo hakuwahi kunisimulia kabla: jinsi Mama alivyozaliwa njiani wakati familia inahama na mifugo, jina la kwanza alilopewa kabla ya hili la sasa, mbuzi aliyekataa kunyonyesha kitoto chake mpaka Mama, akiwa na miaka mitano, akamwimbia. Nilikuwa nikigeukia ukuta na kufumba macho. Alijua siko usingizini. Aliendelea kidogo, kisha sauti ikaisha, nikasikia majani ya mkoma yakianza tena kukwaruzana.

Januari iliyofuata Mama alikuja mwenyewe kunichukua. Ata hakusema lolote kuhusu barabara. Alinifungia samaki kwenye karatasi, akanitemea mate kidogo utosini kunibariki, kama wazee wetu wanavyofanya, akatusindikiza hadi kwenye lango. Nilikuwa na haraka. Muhula wa pili nikiwa shuleni aliugua siku chache, akafariki, na nilipofika Lodwar alikuwa ameshazikwa.

Sasa mimi ni mwalimu Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma. Darasani kwangu kuna watoto wa Kiturkana, wa Kongo, wa Burundi na Sudan Kusini, na wote wana nyanya zao na maonyo ya nyanya zao, wengine wameyabeba kupita mipaka mitatu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwauliza wazee habari ya damu ya mbwa na msafiri. Mama mmoja kisimani aliniambia ni kweli, alilisikia tangu utotoni. Mzee mwingine alisema liliwahusu wanaume wanaopeleka mifugo malisho ya mbali, halikuwahusu watoto wa shule. Wa tatu alicheka, akasema kwao damu ya mbwa ni baraka. Sijui kama Ata alirithi onyo lile au alilitunga asubuhi ile ya Jumanne, kikapu kikiwa kinatoka mikononi mwake. Huenda hata yeye hakujua. Katika nyumba ile safari zilipangwa na Mama kwa simu na Mjomba kwa gari, na hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje. Mtu asiyeulizwa hutafuta neno ambalo litasikilizwa.

Hasira ya kitanda kile imekwisha, nilisoma, nikafika. Watu nikiwasimulia hunifariji kwamba angalau nilipata mwaka mmoja zaidi na nyanya yangu. Siwabishii. Lakini juzi nilimuuliza Mama ni wimbo gani aliomwimbia yule mbuzi, na hakumbuki hata kama kulikuwa na mbuzi. Aliyekumbuka alikuwa mmoja. Alitaka mwaka mmoja nami, akauchukua kwa njia mbaya, kwa kufungua mafundo ya mtoto. Nami nilikaa naye mwaka huo mzima, hatua mbili kutoka alipoketi, na sikumpa.